Kamba ya Yadi Mia

Ijumaa ile, saa nne ya asubuhi, Noeline Prowse alikuwa ameshakula vipande viwili vya maznik, mkate wa jibini wa kwao Blaga wa kantini, na kusikiliza habari za watu kumi na wanne, na bado hajalitia machoni kabati ulimoibwa mfuko wa kamba.

Asilaumiwe. Katika klabu ya Matanuru ya Port Kembla, njia ya kwenda popote hupitia kantini, na kantini ni ya Blaga Trajkovska. Mama huyu aliwapikia wachezaji wa futiboli ya Kimarekani tangu siku ambazo klabu ilikuwa na helmeti nne kwa wachezaji ishirini na sita, zikivaliwa kwa zamu, na mito ya mabegani ilishonwa kwa sponji ya makochi ya watu. Mdomo wake haukuwa na kufuli. Alijua nani kaachana na nani na nani kahamia kwa mama yake. Ukinunua pai ya nyama kwake, habari unapewa bure juu yake kama mchuzi.

"Kula, Bandeji, umekonda," alisema, akimsukumia kipande cha tatu, jibini ikimwagika pembeni. "Polisi walikuwa wakikulisha nini miaka yote ile? Karatasi?"

Bandeji. Miaka ishirini na saba ya upelelezi, akastaafu na vyeo vyake begani, lakini akivuka mlango huu anarudi kuwa binti wa miaka ishirini na mbili anayefunga vifundo vya miguu ya wanaume wakubwa, mikono ikinuka dawa ya misuli hadi Jumatano.

"Nirudishe Jumanne," Noeline alisema. "Jumatatu jioni mfuko ulikuwepo, watu wameuona. Jumatano mwenyekiti kafungua kabati, haupo. Nani aliingia humu Jumanne?"

Blaga alihesabu kwa vidole, na kila kidole kilikuwa na hadithi yake. Fundi wa friji, aliyekunywa chai tatu akimlilia mkewe wa zamani. Wasichana wawili wa timu ya wanawake, walifuata helmeti. Mmoja kapaka nywele rangi ya buluu, mama yake hataki kumwona. Mwenyekiti Sleeman, aliingia kupima ukuta, akaagiza chai, akaikataa eti kikombe kina ufa. Na Viliami, kocha wa sasa, saa sita, pai mbili na sosi nyingi.

"Basi?"

"Basi. Hao tu."

Noeline aliandika. Nyuma ya Blaga, kwenye kichanja cha vyombo, vikombe vilikuwa vimepangwa vikiangalia chini: vyeupe vya klabu saba, na kimoja cha bati la rangi ya kijani, kikubwa, kimebabuka ukingoni. Alikitazama, akakunja daftari.

Grant Sleeman aliingia shati likiwa limenyooka kama barua ya benki. Alikuwa dalali wa nyumba. Uenyekiti aliupata miaka minane iliyopita, na hajawahi kuangushwa uwanjani hata siku moja, jambo ambalo watu walimkumbusha kila alipofungua mkutano.

"Bi Prowse, nakushukuru kwa kuja. Ila sidhani kuna la kupeleleza. Tunamjua."

"Tunamjua nani?"

Sleeman aliinua kidevu kuelekea ukutani. Pale palikuwa na ubao wa heshima, herufi za dhahabu juu ya mbao nyeusi. Mstari wa nne ulisomeka: V. LOLOHEA, MBIO ZA MSIMU, 1987, YADI 962. Chini ya ubao kulikuwa na sanduku jipya la kioo, tupu.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mwaka 1984, Merv Tolhurst, kocha wa kwanza, alitengeneza kamba yenye mafundo ya kuchorea mistari ya uwanja, na mnyororo wa kupimia hatua za mchezo, vyote kwa mikono yake. Miaka arobaini uwanja wa kila mechi ya nyumbani ulichorwa kwa kamba ile. Kesho, Jumamosi, kulikuwa na mambo mawili: asubuhi mkaguzi wa ligi anakuja kuupima uwanja, maana msimu huu hakuna kupewa fainali bila kupimwa, na mchana ni karamu ya miaka arobaini, ambapo kamba ingetiwa kwenye kioo mbele ya Merv mwenyewe, mwenye miaka themanini na tatu sasa.

"Na Jumatatu," Sleeman alisema, "mbele ya watu thelathini, Viliami alisema mkiitundika hiyo kamba chini ya jina langu nitaivuta niichome. Ana ufunguo. Alikuwa hapa Jumanne. Kamati inakaa leo saa kumi na moja. Asipojieleza, kesho hasimami kando ya uwanja, wala kesho kutwa."

"Mtu ana miaka arobaini humu," Blaga alisema, akipangusa kaunta pasipo na uchafu. "Kacheza, kafundisha, kafundisha na watoto wa aliowafundisha."

"Ndiyo maana inauma," Sleeman alisema.

Kabati lilikuwa kwenye korido, la chuma, la kijivu, limetoka kiwandani kama nusu ya vitu vya Port Kembla. Noeline alipiga magoti, goti likalia. Kufuli halikukwaruzwa. Funguo zilikuwa tatu: wa Sleeman, wa Viliami, na wa tatu unaning'inia kwenye msumari kantini, nyuma ya Blaga.

Kwenye ndoano iliyozoea kubeba mfuko wa turubai palitundikwa kitu kingine: utepe wa kupimia, mpya kabisa, wa mita mia moja, bado una harufu ya duka.

"Huu wa nani?"

"Wa Viliami, nadhani," Sleeman alisema. "Mimi sikununua."

Noeline aliuvuta kidogo, akauacha. Kwenye rafu ya chini vilikaa vitabu vya matokeo, kimoja kwa kila msimu, migongo nje. Vyote isipokuwa kimoja. Cha 1987 kiliwekwa tumbo nje, kama kilichorudishwa na mtu mwenye haraka au mwenye macho mabovu. Alikifungua. Mechi kumi, tano nyumbani, tano ugenini. Na kwenye safu ya Lolohea, zile tano za nyumbani zilikuwa zimepigiwa mstari mweupe.

"Chokaa!" Sleeman alisema juu ya bega lake. "Chokaa ya uwanjani. Na nani anachora uwanja? Mikono yake ni myeupe kuanzia Septemba hadi Krismasi."

Noeline aliusugua ule weupe kwa kidole gumba. Chokaa ya uwanjani hukwaruza na kupukutika. Hii ilikuwa laini, inateleza kama sabuni kavu.

"Bwana Sleeman, umewahi kufanya kazi kiwandani?"

"Mimi? Hapana."

"Hii ni chaki ya mafundi bamba. Wanachorea chuma kabla ya kukikata. Haifutiki kwa jasho."

"Port Kembla nzima ilifanya kazi kiwandani."

"Kweli. Viliami hakufanya. Viliami aliendesha mabasi ya shule."

Akachukua utepe na kitabu, akatoka nje.

Viliami Lolohea alikuwa amekaa juu ya rundo la mito ya mazoezi kando ya uwanja, bisibisi mkononi, helmeti kumi na tano zimemzunguka kama kuku wanaosubiri mtama. Alikuwa akikaza skrubu moja moja, kazi ya kila Ijumaa. Nyuma yake mabomba ya kiwanda yalitoa moshi mweupe kuelekea baharini. Mistari ya mechi iliyopita bado ilionekana kwenye majani, imefifia.

"Wewe umechukua?" Noeline aliuliza, bila kukaa.

"Dada, ningekuwa nimechukua mimi ungeona moshi."

"Ulisema utaichoma."

"Nilisema. Mwaka juzi nilisema nitamla mwamuzi. Yupo hai, juzi kapata mjukuu."

Noeline alikaa juu ya mto. "Kwa nini kamba inakuudhi?"

"Haiudhi kamba. Inaudhi ile namba mia tisa sitini na mbili, na chini yake kioo, na watu wanakula keki." Alikaza skrubu. "Ulikuwepo wewe. Unajua."

Alikuwepo. Mechi ya mwisho ya msimu kabla ya fainali, hapa nyumbani, wageni kutoka Sydney. Matanuru wanaongoza thelathini na nne kwa bila, robo ya nne, dakika tisa zimebaki. Wageni wanatapika kando ya uwanja, kama wageni wote walivyotapika hapa kila robo ya nne. *Uwanja unaokula wageni*, gazeti la mtaa lilikuwa likiuita hivyo, na watu wakasema ni ile milima ambayo Merv anawakimbiza vijana wake. Viliami ana yadi 962 za kukimbia na mpira msimu huo. Hakuna mchezaji wa jimbo zima aliyewahi kufikisha elfu. Zimebaki thelathini na nane, na wageni hawana miguu. Jukwaani yuko baba yake, aliyepanda ndege kutoka kwao visiwani, Nuku'alofa, kwa mara ya kwanza maishani, amejifunga mkeka wa heshima kiunoni, jua limemkaa usoni.

"Akaniita," Viliami alisema. "Unakumbuka alivyosema?"

"'Vili, toka. Kazi imeisha.'"

"Kazi imeisha! Sauti ile ile ya kufunga duka. Baba ananiuliza garini, yule mzee mna ugomvi? Nikamwambia hapana. Mei iliyofuata tukamzika. Mimi nikaondoka hapa miaka sita, nikacheza kwa watu ambao hata wimbo wa klabu hawana."

"Umewahi kumuuliza kwa nini alikutoa?"

"Miaka thelathini na saba tunaongea habari za mvua."

Noeline alimtazama kifundo cha mguu wa kushoto, kilichojikunja vibaya ndani ya soksi hadi leo. Kuna jambo alilijua kuhusu ile robo ya nne. Alilimeza pamoja na mate, akanyanyua utepe.

"Huu ulinunua wewe?"

"Si wa Sleeman huo? Nilidhani kachoka na kamba zetu za kizamani."

"Yeye kadhani ni wako. Hebu shika hapa."

Viliami alishika ncha kwenye mstari wa goli wa kaskazini. Noeline alitembea kuelekea kusini, utepe ukijikunjua nyuma yake juu ya majani, hadi kidole chake kikakutana na kitu. Mtu alikuwa amezungushia mkanda mwekundu wa gundi, ule wa mafundi umeme, kwenye utepe, nadhifu, mara tatu. Alisoma namba: mita tisini na moja, sentimita arobaini na nne.

Alianza kazi ya polisi wakati ramani za zamani bado ni za yadi. Hesabu hii aliijua kama jina la mama yake. Mita tisini na moja na arobaini na nne ni yadi mia. Goli hadi goli, urefu kamili wa uwanja wa Kimarekani. Gundi nyekundu ilipaswa kukaa juu ya mstari wa goli wa kusini.

Mstari wa goli wa kusini ulikuwa mbele yake bado, hatua kumi na zaidi.

Aliendelea kutembea. Utepe uliishia mikononi mwake palepale mstari ulipokuwa. Mita mia moja. Si tisini na tisa, si mia na moja.

"Vili!" alipaza sauti. "Huu uwanja una mita mia!"

"Yadi mia!"

"Mita!"

Viliami aliachia ncha, akaja akichechemea. Alisimama juu ya gundi nyekundu, akautazama mstari kule mbali, akarudi kuitazama gundi.

"Na mnyororo?"

"Merv aliukata kwa kuupima na kamba. Kwa hiyo mistari na mnyororo vilipatana siku zote. Mwamuzi angejuaje?"

"Miaka arobaini..." Viliami alianza kucheka, cheko la tumboni. "Ndiyo maana tukienda ugenini tuliona viwanja vya wenzetu vya kitoto! Tunafika golini hatujatoa jasho. Na wageni wakija hapa wanatapika, tunasema ni milima ya Kocha. Kumbe tumewakimbiza safari ndefu bila kuwaambia!"

Alicheka hadi akafuta macho kwa mkono mweupe wa chokaa. Alikuwa anawacheka wageni. Hesabu nyingine hakuwa ameifanya, na Noeline hakumfanyia. Aliifanya mwenyewe akirudi kantini, kwa kalamu, juu ya karatasi ya pai, kutoka ile mistari mitano ya chaki. Akaikunja karatasi akaitia mfukoni.

Sasa mambo yalikuwa yamejipanga. Kamba haikuchukuliwa na mtu wa kuuharibia uwanja jina. Mistari huchorwa upya kila Jumamosi asubuhi. Kamba isipokuwepo watachora kwa utepe uliotundikwa mahali pake, uliokwisha kutiwa alama, na mkaguzi akija ataukuta uwanja sahihi. Mwizi alikuwa ameacha dawa pale alipotoa ugonjwa. Na Viliami, akiwa na akili timamu, angeitembeza kamba ile mtaa mzima ikipigiwa tarumbeta, kwa sababu ndiyo iliyomdhulumu. Anayeumia kamba ikipimwa ni mmoja tu, aliyefunga mafundo.

Alisimama mbele ya kaunta.

"Blaga. Umenitajia fundi wa friji na mke wa fundi wa friji. Umenitajia nywele za buluu na mama wa nywele za buluu. Wote wa Jumanne. Lakini kwenye kichanja kuna kikombe cha bati la kijani kimeoshwa. Nani anakunywa chai kwenye kikombe cha bati?"

Blaga alishika kitambaa kama anayetaka kukikamua.

"Watu wengi."

"Mtu mmoja. Mwaka 1985 nilikitumia nikasemwa wiki nzima."

Blaga alikigeukia kikombe, akakisukuma nyuma ya vile vyeupe.

"Aliniomba," alisema. "Akaniambia, Blaga, nipe ufunguo, na mimi hukuniona. Yule mzee hajawahi kuniomba kitu, Bandeji, hata chumvi. Alitoka na mfuko begani anatembea kama kabeba maiti. Nifanyeje, nimtangaze?"

"Ungemwacha Viliami afukuzwe?"

"Saa kumi na moja ningesema. Naapa kwa mama. Nilikuwa nasubiri aje aseme mwenyewe."

Merv Tolhurst aliishi Cringila, juu ya kilima, nyumba ya mbao yenye miche ya nyanya mbele. Noeline hakubisha hodi. Alizunguka hadi uani. Kamba ilikuwa imelazwa juu ya majani, imejikunja mara nne kwa kuwa ua haukutosha, na kando yake utepe mwingine. Mzee alikuwa kwenye kiti cha kukunja katikati ya vitu viwili hivyo, kofia ya klabu kichwani, kipande cha chaki ya mafundi kimejitokeza mfukoni mwa shati.

"Nilijua watakutuma wewe," alisema. "Keti. Yaangalie mafundo haya, ni wahuni."

"Kocha, ilikuwaje?"

"Duka la vifaa vya meli, kule bandarini, lilikwisha kubomolewa. Kaunta yake ilikuwa na misumari ya shaba, wanakupimia kamba kwa misumari. Baba yangu alinunua pale, mimi nikanunua pale nikiwa mwanafunzi wa ufundi. Msumari hadi msumari, yadi moja. Nilijua hivyo kama ninavyojua Jumapili. Nchi ikageuka ya mita, na wao wakang'oa misumari wakapigilia upya. Nani aliniambia? Hakuna. Mwaka themanini na nne nikamwambia kijana, nipimie mia na ishirini, na kila tano tia alama. Akapima. Mimi nikafunga mafundo." Alikohoa. "Fundi bamba, miaka thelathini na moja, sijawahi kukata chuma kwa kukosea upana wa kucha."

"Umejua lini?"

"Wiki mbili. Barua ya ligi ilipokuja nikasema, kabla haijaingia kwenye kioo acha niijaribu Jumamosi ikiwa nje ya kabati, isije ikawa imevutika sentimita moja mbili." Akacheka bila sauti. "Halafu nikakumbuka mwaka wa kijana wangu. Jumanne nilipofungua kabati nikakisoma kitabu. Alikuwa ameshapita elfu, Bandeji. Nilimtoa mbele ya baba yake, na ubaoni nikamwandikia upungufu. Ningeweza kubeba lawama ya kumtoa. Hii ya kumpunja sikuweza kuitazama."

"Kwa hiyo ukaibeba."

"Mechi moja tu, nikasema. Wachore kwa utepe, mkaguzi apite, nife zangu."

"Leo saa kumi na moja kamati inamfukuza Viliami kwa kosa la kuiba mfuko huu."

Mzee aligeuka polepole. Alikuwa hajui. Chaki ilianguka kutoka mfukoni, ikavunjika vipande viwili.

"Vili? Kwa ajili ya hii takataka?" Alishika mikono ya kiti. "Ninyanyue."

Saa kumi na moja kasoro dakika tano kantini ilikuwa imejaa pomoni. Habari ya kikao ilikuwa imetembea, unajua kwa mdomo wa nani: wazee wa 1987 wenye matumbo, wasichana wa timu ya wanawake, wake, watoto, mbwa wawili. Sleeman alikuwa na kengele ndogo mkononi. Mlango ulifunguka, Merv akaingia na mfuko wa turubai begani, Noeline nyuma yake.

"Kocha!" Sleeman alisimama. "Umeupata wapi?"

"Kabatini nilipoutoa. Yuko wapi kijana?"

"Uwanjani, lakini kikao..."

Merv alikuwa ameshapita mlango wa pili. Nyumba nzima ilimfuata, kengele ikabaki peke yake juu ya meza.

Viliami alikuwa akiburuta mashine ya chokaa. Alipowaona wanakuja wote kama msafara wa harusi, aliiachia. Merv alishusha mfuko majanini, mbele ya miguu yake.

"Niliiba mimi," alisema, kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Na kabla ya hapo nilikosea mimi. Uniulize unachotaka."

Viliami alitazama mfuko. Alitazama kilima, mabomba, anga. Watu walidhani atasema habari za mvua.

"Kwa nini ulinitoa?"

"Kifundo chako. Ilikuwa imebaki fainali, wiki moja mbele. Mtu aliniambia kimevimba kama boga na ukigongwa tena hutembei."

"Mtu gani?"

Merv alifunga mdomo. Miaka thelathini na saba alikuwa ameufunga.

"Mimi," Noeline alisema. Aligundua kwamba bado ameshika daftari, akalishusha. "Nilikufunga bandeji mbili badala ya moja wakati wa mapumziko. Ukaniambia nisimwambie Kocha. Nikamwambia."

"Bandeji!" Blaga alishika kichwa. "Na hukuniambia mimi?"

Wachache walicheka, wakajizuia.

"Na fainali tulishinda," Viliami alisema taratibu, kama anayesoma kitu cha mbali. "Kwa mguu huu." Akamgeukia Merv. "Basi, Kocha. Mbona hilo ungenambia siku ile ile."

"Kuna jingine. Kamba hii ni ya mita. Yadi zako zote za hapa nyumbani zilikuwa ndefu kuliko tulivyoandika." Mzee alitafuta neno, Noeline akampa ile karatasi ya pai, na Merv akaisoma akiwa ameishika mbali na macho. "Nyumbani mia tano na sita. Kwa haki ni mia tano hamsini na tatu. Nilipokuita utoke, ulikuwa na elfu moja na tisa."

Viliami alivua kofia. Macho yake yalikwenda jukwaani, safu ya tatu, pale ambapo jua hukaa usoni saa za mchana. Leo kulikuwa na mtoto tu anakula pai.

"Elfu na tisa," alisema.

"Elfu na tisa. Nisamehe."

"Kwa hiyo nilipotoka nilikuwa nimeshafika." Kona ya mdomo wake ilianza kucheza. "Kocha, si ulisema mwenyewe? Ukasema kazi imeisha. Mimi nikakukasirikia maisha yangu yote, kumbe ilikuwa imeisha kweli!"

Merv aliinama, mabega yakitikisika, na hakuna aliyejua ni kicheko au ni kilio hadi Viliami alipomkumbatia, na hata hapo hawakujua. Blaga alilia kwa wazi, kwa niaba ya wote.

"Kikao," Sleeman alisema, "kimeahirishwa." Kisha, baada ya kufikiri: "Na ubao? Tubadilishe namba?"

"Uache," Viliami alisema. "Tundika kamba chini yake, na utepe kando ya kamba. Atakayeuliza atasimuliwa na Blaga."

"Atakayenunua pai," Blaga alisema, akipenga kamasi.

Jua lilikuwa bado na saa moja na nusu. Waliufuta uwanja wa zamani kwa ndoo za maji, wakauchora upya, Noeline akishika ncha moja ya utepe na Merv nyingine, kidole gumba cha mzee juu ya gundi nyekundu. Mistari mipya ya goli ilikuja ndani, mita nne na kidogo kila upande. Kazi ilipokwisha, mzee alisimama kwenye lile eneo lililobaki nje, akilipapasa kwa ncha ya kiatu.

"Mkaguzi atapita kesho," alisema. "Lakini wageni hawatatapika tena hapa. Hilo nimewaharibia."

Viliami alikuwa akikusanya helmeti, tatu katika kila mkono.

"Watatapika, Kocha. Wangu wamekimbia mita msimu mzima. Kesho nawapa yadi."